LTspice na osileta ya kristali: naipa alama za juu

Nafundisha vijana elektroniki kwenye karakana ndogo huku Ngara, Nairobi, na kila kundi jipya huniuliza ni programu gani ya kuigiza sakiti itakayokubali laptopu kuukuu. Nawaambia LTspice, inayotolewa na Analog Devices. Ni ya bure, haikuwekei kikomo cha vipuri, na ukishaipakua haikudai bando. Kwa kijana anayenunua kila transista kwenye maduka ya barabara ya Luthuli kwa pesa zake mwenyewe, hilo si jambo dogo.

Mimi huipima programu ya aina hii kwa osileta ya kristali, yaani sakiti inayozalisha mawimbi kwa mtetemo wa kristali. Kuchaji kapasita au kuwasha LED kila programu inaweza.

Chora osileta ya Pierce, aina moja ya osileta hiyo: transista 2N3904 (imo ndani tayari), kristali, kapasita mbili za 22 pF, rezista ya kurudisha volti kutoka kolekta hadi besi. Bonyeza Run. Utapata mstari ulionyooka badala ya mawimbi, na wengi hapo huilaumu programu. Naitetea. Sakiti ya mezani huamshwa na kelele ndogo za umeme zilizomo katika kila kipuri, pamoja na mshtuko wa kuwashwa. Katika igizo kelele hizo hazipo, na volti zote zimeshatulia kabla saa ya igizo haijaanza kuhesabu. Basi iamshe wewe: fanya volti za chanzo zipande kutoka 0 hadi 5, au ipe indukta (koili) inayowakilisha kristali mkondo mdogo wa kuanzia kwa amri ya .ic.

Indukta hiyo ndiyo sababu ninaipenda LTspice. Alama yake ya kristali kwa hakika ni kapasita iliyobeba indukta na rezista tumboni, lakini nawahimiza vijana waichore wenyewe: 0.02 pF, 19.8 mH na omu 40 zikifuatana, halafu 5 pF sambamba nazo. Hiyo ni kristali ya 8 MHz jinsi sakiti inavyoiona. Ukigawanya ukinzani wa indukta hiyo katika 8 MHz kwa omu 40 unapata Q, kipimo cha jinsi kristali inavyopoteza nishati polepole, ya karibu 25,000, na papo hapo unaelewa kwa nini mawimbi hukua polepole. Duru moja ni nanosekunde 125, ilhali kukua huchukua milisekunde. Weka muda wa 10 ms, hatua ya hesabu isizidi 5 ns, kisha uwe na subira.

Mambo mawili huua igizo kimyakimya. Herufi M, hata kubwa, ni mili (sehemu moja ya elfu), si mega. Rezista ya 1M inakuwa waya mtupu, kwa hiyo andika 1Meg. Pia, kwenye njia za programu za kukokotoa, usichague ya Gear, maana hesabu zake hufifisha mawimbi; baki na trapezoidal.

Sura ya programu ni ya kizamani na maelezo yake ni makavu, sikatai. Lakini majibu yake nayaamini. Ikikusomea karibu 8.003 MHz badala ya 8 kamili, usishtuke: kapasita za 22 pF huivuta kristali juu kidogo ya mwangwi wake wa mfululizo, yaani masafa inayotetemeka ikiwa peke yake. Bredibodi, ubao wa kuchomekea vipuri, ina ukapasita wake ambao haumo katika mchoro, kwa hiyo ongeza pikofaradi chache kila upande kabla ya kulinganisha na kipimo cha mezani.