Hati ya uwakili: ya kawaida au ya kudumu?

Mlioko England na Wales, hili swali la hati ya kumpa mtu ruhusa akushughulikie mambo yako haliishi. Ya kawaida ni chee, unasaini mbele ya shahidi basi, ndugu yako anaanza kukulipia bili. Ya kudumu lazima isajiliwe, unalipia, wiki kibao unasubiri, na ya pesa ina fomu yake, ya matibabu fomu yake (usumbufu, nakubali). Ila kwenye kutegemewa ndo kuna kazi, maana siku akili ikigoma, iwe kiharusi au dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), ile ya kawaida inakufa hapohapo, watoto wanaishia Court of Protection (mahakama ya mambo ya watu wasioweza kujiamulia) kuomba usimamizi, hela juu ya hela na ripoti kila mwaka. Unasafiri tu miezi mitatu Mombasa? Ya kawaida inatosha. Mzee kaanza kusahausahau? Kimbilia ya kudumu, akishapoteza uelewa hawezi kuisaini tena.