Uzoefu wangu katika Makumbusho ya Mercedes-Benz, Stuttgart

Nilikwenda Makumbusho ya Mercedes-Benz nikiwa na mjomba wangu, ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake chini ya malori akiwa fundi wa dizeli, na ambaye alikuwa amekuja kututembelea Ujerumani. Namtaja mapema kwa sababu tathmini hii ni yetu sote wawili. Mimi ni mtu wa kusoma maelezo ukutani. Yeye ni mtu wa kuinama na kuchungulia chesi mpaka mlinzi aanze kumtazama. Tulitoka tumeridhika, ingawa hatukuridhishwa na vitu vilevile.

Kufika ni rahisi. Kutoka stesheni kuu ya Stuttgart unapanda treni ya mjini ya S1 hadi kituo cha Neckarpark, kisha unatembea kidogo ukipita jirani na uwanja wa mpira wa VfB Stuttgart, mpaka unaliona jengo likiwa limesimama karibu na lango la kiwanda cha Untertürkheim. Lilifunguliwa mwezi Mei 2006 na lilichorwa na wasanifu wa Kiholanzi wa UNStudio, Ben van Berkel na Caroline Bos. Lina ghorofa tisa, kimo cha mita 47.5 na magari yapatayo 160. Lifti inakuchukua hadi juu kabisa, nawe unateremka taratibu kwa njia mbili zinazosokotana kuuzunguka ukumbi wa katikati. Njia ya kwanza inapita katika vyumba saba vinavyosimulia historia ya kampuni kwa mfuatano wa miaka, vyumba visivyo na mwanga wa nje, ambamo taa zimeelekezwa kwenye magari tu. Ya pili inapita katika vyumba vitano vyenye madirisha makubwa, ambamo magari yamepangwa kufuatana na kazi yaliyofanya. Unaweza kuvuka kutoka njia moja kwenda nyingine kadiri unavyoshuka, na nakushauri uvuke, maana anayeishika ile ya historia peke yake hukosa sehemu iliyo tamu zaidi.

Kifaa cha kusikilizia maelezo hutolewa pamoja na tiketi. Kiswahili hakimo, kwa hiyo nilisikiliza Kiingereza na kumweleza mjomba kadiri tulivyokwenda, jambo lililotufanya tuwe wa polepole kuliko kila mtu.

Juu kabisa mgeni anapokewa na farasi mweupe, na chini yake yameandikwa maneno yanayonasibishwa na Kaisari Wilhelm II, kwamba yeye anamwamini farasi na kwamba gari ni jambo la kupita tu. Ni mzaha mzuri wa kuanzia. Baada ya hapo unaingia katika chumba cha waanzilishi, ambacho mimi nakihesabu kuwa ndicho chumba bora cha historia katika jengo zima, kwa sababu kinaeleza wazi kwamba kampuni hii ina baba wawili waliokuwa wakifanya mambo tofauti. Mjini Mannheim, Karl Benz alipata hataza namba 37435 tarehe 29 Januari 1886 kwa gari la magurudumu matatu, lenye injini ya silinda moja isiyofikisha hata nguvu-farasi moja na mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Huko Cannstatt, ambayo leo ni sehemu ya Stuttgart, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walijifungia katika banda la bustani wakitengeneza injini ndogo, nyepesi, inayozunguka kwa kasi, na kisha wakaijaribu katika kila kitu kilichokuwa karibu nao: pikipiki ya mbao mwaka 1885, mashua, kigari cha farasi mwaka 1886, hata puto la kusafiria angani mwaka 1888. Benz alikuwa na gari kichwani tangu mwanzo. Daimler alikuwa na injini na akawa anaitafutia kazi. Nyota ya pembe tatu, ambayo kampuni ya Daimler iliisajili mwaka 1909, inatokana na fikra hiyo ya injini moja kwa nchi kavu, majini na angani. Kampuni hizo mbili ziliendelea kushindana hadi zilipoungana mwezi Juni 1926.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote ni cha Bertha Benz. Mwezi Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, alilitoa gari na kuondoka nalo Mannheim pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, kwenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya kilomita mia moja na ushei katika barabara za mikokoteni. Hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani, basi akanunua ligroini, dawa ya kusafishia madoa, katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake, waya wa umeme ulipochubuka akaufunika kwa mkanda wa soksi, na breki za mbao zilipolika akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Alipofika akampelekea mumewe telegramu, na baadaye akarudi kwa gari lilelile. Nilipomaliza kumsimulia mjomba alitikisa kichwa akasema, “Mjomba, huyu mama ndiye fundi wa kwanza wa barabarani. Pini, mkanda wa soksi na kiraka cha ngozi! Na hapo hana simu ya kumwita mtu.” Tangu hapo kila tulipoona breki alimkumbuka.

Jina la Mercedes lenyewe linatokana na binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa akiishi Nice, kusini mwa Ufaransa, ambaye aliwauzia matajiri wenzake magari ya Daimler na kuwasukuma watengenezaji wampe gari la kasi zaidi, refu zaidi na lililo chini zaidi. Maybach akamtengenezea gari la nguvu-farasi 35, lenye rejeta ya vitundu vingi vidogo iliyomaliza tatizo la injini kuchemka, na mwezi Machi 1901 gari hilo likawashinda wote katika mashindano ya Nice. Mwaka uliofuata jina likasajiliwa. Ukisimama mbele ya magari ya chumba hiki ndipo unaelewa kwamba ufahari wa chapa hii haukupachikwa baadaye na watu wa matangazo; ulianzia kwa wateja waliokuwa na fedha za kuchezea na waliotaka kushinda.

Chumba cha mwaka 1914 hadi 1945 nilikiingia kwa wasiwasi, nikitaka kuona kama historia ya enzi za Hitler itarukwa. Haikurukwa. Katika miaka ya vita kampuni ilililisha jeshi injini na magari, na kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake zaidi ya 60,000 walikuwa watu waliolazimishwa: raia waliochukuliwa kutoka nchi zilizovamiwa, wafungwa wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Humohumo ndani yamo magari ya miaka ya 1930 yenye supachaja, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili iongezeke nguvu, mazuri kupita kiasi, yenye mabawa marefu ya magurudumu na mabomba ya moshi yanayotokeza ubavuni mwa boneti. Ni vigumu kuyatazama kwa moyo mweupe baada ya kusoma yale maelezo, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa mjomba, hata hivyo, kilele cha chumba hicho kilikuwa gari lisilovutia macho ya wengi, la 260 D la mwaka 1936, mojawapo ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Nilimsomea kwamba injini yake ya lita 2.6 ilitoa nguvu-farasi 45, kwamba mafuta yalipulizwa kwanza katika chumba kidogo kilicho juu ya silinda ili yaanze kuwaka humo na kupunguza kishindo, na kwamba pampu ilikuwa ya Bosch. Akaniomba nirudie hapo kwenye chumba kidogo. Kisha akaanza kunieleza yeye sasa, kwa vidole, akionyesha hewani mahali nozeli inapokaa na namna inavyoziba mafuta yakiwa machafu, mpaka wazee wawili wa Kijerumani waliokuwa karibu wakasogea kusikiliza lugha wasiyoijua na kuanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Wenye magari ya dizeli ya Benzi duniani kote, hasa madereva wa teksi, walianza kupatikana kwa gari hili.

Gari la 300 SL la mwaka 1954, lile la milango inayofunguka kwenda juu, lina umati wake wa wapiga picha na sina la kuongeza isipokuwa kwamba ile milango haikuwa urembo: fremu ya mabomba ilipita juu sana ubavuni hata mlango wa kawaida usingeweza kufunguka. Jirani ya ukoo wake ni 300 SLR Coupé ya mhandisi Rudolf Uhlenhaut, ambayo yalitengenezwa mawili tu. Moja lilinadiwa ndani ya jengo hilihili mwezi Mei 2022 kwa euro milioni 135, bei ambayo haijawahi kulipwa kwa gari kabla ya siku hiyo.

Kilichonigusa zaidi katika vyumba vya baada ya vita ni habari za usalama. Mhandisi Béla Barényi alikuwa na wazo lililoonekana kichekesho wakati ule, kwamba pua na mkia wa gari vitengenezwe vibonyee kwa makusudi vinapogongwa, ili nguvu ya ajali iishie hapo na chumba cha abiria kibaki kizima. Wazo hilo liliingia katika magari ya kampuni mwaka 1959. Mwaka 1978 zikaja breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga kwa nguvu, zilizotengenezwa pamoja na Bosch, kisha mfuko wa hewa wa dereva mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo mambo hayo yamo hata katika gari dogo la Kijapani tunaloliagiza likiwa limetumika, na kwangu mimi hiyo ni hoja nzito zaidi kuliko ngozi na mbao za viti.

Sasa ile njia ya pili. Hapa kuna basi la Mercedes-Benz LO 1112 la mwaka 1969 lililobeba abiria Buenos Aires, limechorwa maua na mistari ya rangi kila mahali, nawe ukiliona unadhani ni daladala lililopotea njia likaishia Ulaya. Kuna lori la LP 333, ambalo Wajerumani waliliita jongoo kwa sababu ya ekseli zake mbili za mbele, zote zikigeuka kwa usukani mmoja, suluhisho la sheria kali za uzito na urefu za wakati huo. Kuna magari ya zimamoto, ya wagonjwa, ya polisi. Mjomba alikaa mbele ya lile jongoo muda mrefu akihesabu tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, na kuniuliza nani alikuwa akililipia matairi. Katika mkusanyiko wa makumbusho haya limo pia gari la 240 D la dereva mmoja wa teksi wa Ugiriki lililotembea kilomita milioni 4.6. Nikimtafuta wa kumweleza mvuto wa chapa hii, nitaanzia kwa Mgiriki huyo.

Chumba cha magari ya watu mashuhuri hakikunishika sana. Kuna la Papa Yohane Paulo II lenye kibanda cha kioo, kuna jekundu la Mfalme Hirohito wa Japani, na wageni wengi wanakipenda. Kwetu, ambako jina la gari hili lilishikamana na wenye vyeo hadi wenyewe wakaitwa Wabenzi, mtu hahitaji kusafiri hadi Stuttgart kuona gari jeusi la mkubwa.

Njia zote mbili zinaishia katika ukumbi wa mashindano, ambapo magari ya mbio yamepangwa juu ya kingo ya barabara iliyoinama. Limo gari la rekodi ambalo Rudolf Caracciola aliliendesha kilomita 432.7 kwa saa katika barabara kuu ya Frankfurt tarehe 28 Januari 1938. Saa chache baadaye, siku hiyohiyo, Bernd Rosemeyer wa kampuni pinzani ya Auto Union alifariki akijaribu kuipita. Lipo pia la namba 722 la Stirling Moss, aliyeshinda Mille Miglia, mashindano ya barabarani ya Italia, mwaka 1955. Msomaji wa Afrika Mashariki akiwa hapo na akumbuke kwamba Mercedes ilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1959 na 1960 kwa gari la 219, kisha 1961 kwa 220 SE, katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwamba yale yalikuwa magari ya kifamilia ya milango minne.

Kwa atakayekwenda: jengo hufungwa Jumatatu, na anayefika alasiri ataishia kukimbia vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vyenye magari ya mbio. Nenda asubuhi, vaa viatu vya kutembelea, na ukiwa na watoto wadogo shuka kwa njia ya madirisha kwanza. Mwenye siku nzima anaweza kuongeza makumbusho ya Porsche yaliyoko Zuffenhausen, upande mwingine wa mji huohuo, lakini kama ni lazima uchague moja na unataka kujua gari lilitoka wapi, chagua hili la Benzi. Mjomba anasema hivyohivyo, ila yeye angetaka waache boneti wazi.