Taylor na Serrano, 2022: Pambano la Kuanzia Ndondi za Wanawake

Anayetaka kuanza kutazama ndondi za wanawake atafute pambano la Katie Taylor na Amanda Serrano, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, 30 Aprili 2022. Ni raundi 10 za dakika 2, jumla dakika 20. Mabingwa wa kiume hupewa 36, yaani raundi 12 za dakika 3. Kwa hiyo hakuna muda wa kusomana: ukitegea sekunde 40, theluthi ya raundi imekwenda.

Tazama miguu kabla ya ngumi. Taylor hutanguliza mguu wa kushoto, Serrano wa kulia, basi miguu ya mbele hukanyagana na vichwa hugongana. Marudiano ya 2024 Serrano alichanika juu ya jicho kwa kugongana huko huko.

Raundi ya 5 ndiyo utamu wenyewe. Serrano alimbana Taylor kwa makonde mazito, na kengele ikaja kama mkombozi. Ingekuwepo dakika ya tatu, sijui. Baadaye Taylor alirudi kwa kupiga ngumi mbili tatu za haraka na kutoka pembeni, asisimame kubadilishana.

Majaji wawili walimpa Taylor, mmoja Serrano. Marudiano yana damu zaidi. Ufundi uko hapa.