Grisi ya Kupaka Tochi: Ipi Ununue Ukiwa Mombasa

Ami yangu huvua usiku upande wa Tudor, na tochi yake hulala naye ndani ya dau. Mwaka jana kifuniko cha betri kilikwama kabisa. Tuliishika kwa vitambaa, yeye huku mimi kule, ikafunguka kwa mlio wa kusaga. Kwenye hesi, ile mistari ya kuzungushia kifuniko, palijaa unga mweupe kama chokaa, na oringi, ile pete ya raba inayozuia maji, ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino kikavu. Unga ule ni alumini iliyoliwa na chumvi. Chumvi yetu iko hewani, hata tochi ya sebuleni huifikia.

Nambari moja kwangu ni grisi ya silikoni tupu. Jua haliiyeyushi, maji hayaiondoi kirahisi, na haidhuru oringi nyeusi za raba ya naitraili, ambazo ndizo zilizo kwenye tochi nyingi. Iulizie kwa wauza vifaa vya mabomba, kwa mafundi wa pampu za mabwawa ya hoteli, au kwa wapiga mbizi, maana nao wanaishi kwa oringi. Kikopo kidogo hukaa miaka. Soma lebo vizuri, tafadhali: silikoni ya kuzibia masinki ni kitu kingine, hiyo hugandisha, na tochi hutaifungua tena. Na kama oringi yako yenyewe ni ya silikoni, grisi hii huifanya ivimbe.

Ya pili ni grisi ya sintetiki yenye PTFE, ile plastiki telezi iitwayo pia Teflon, kama Super Lube. Kwenye hesi, alumini kwa alumini, hii huteleza vizuri kuliko silikoni. Ingekuwa ya kwanza, lakini mimi sijaipata ila kwa kuagiza.

Ya tatu ni Vaseline. Kwa naitraili haina neno, ila ukiiacha tochi ndani ya gari wakati wa kaskazi hulainika ikatiririka ndani. Ipake huku ukitafuta ile ya kwanza. Grisi nyeusi ya magari ni ya mwisho: nzito, chafu, basi.

WD-40, yale mafuta mepesi ya kupuliza, inafaa kulegeza kifuniko kilichokwama, lakini hukauka mapema, kwa hivyo usiihesabu kuwa grisi. Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba hapa inayo, yaache jikoni: yakikaa huchacha, hunata na kushika mchanga. Sifa nayo, yale mafuta ya papa, ni ya mbao za jahazi.

Kabla ya kupaka, futa grisi kuukuu na usugue hesi kwa mswaki mkavu. Oringi itoe kwa kuibana kwa vidole mpaka ipande juu. Sindano huikwaruza, na mkwaruzo ndio njia ya maji. Chukua kiasi cha punje ya mtama, izungushe mpaka oringi ing'ae tu. Ukingo wa bomba la tochi pale unapogusana na kifuniko uache mkavu na safi, kwa sababu umeme hupita hapo, na grisi ikijaa taa hupepesa. Tochi ya baharini ipake kila mwezi, ya nyumbani mara mbili kwa mwaka.

Ukienda dukani beba oringi yako ya zamani upimiwe, na uchukue mbili za akiba. Ya ami tuliibadilisha siku ileile. Sasa anakifungua kifuniko kwa vidole viwili, mikono ikiwa na samaki.