Waya wa kamera au kadi rida?

Kamera ikigoma kuonekana kwenye kompyuta unapotaka kuhamisha picha, wengi tunailaumu kamera, kumbe mara nyingi kosa ni la waya. Zile nyaya za bei chee tunazookota sokoni Mwanjelwa, baadhi zinachaji tu: ndani hazina nyuzi mbili za kupitisha data. Unachomeka, taa inawaka, kompyuta kimya. Jaribu waya mwingine kwanza, kisha hamia tundu la nyuma ya kompyuta, maana la mbele mara nyingi limelegea. Bado? Ingia kwenye menyu ya kamera ubadili PTP kuwa MTP, au kinyume chake; hizo ni njia mbili za kamera kuongea na kompyuta.

Tatizo la waya ni kwamba kamera lazima iwe imewashwa muda wote. Yangu ilizima katikati ya kuhamisha picha za ubatizo wa mpwa wangu Tukuyu. Nililazimika kuchaji na kuanza upya, na jioni ile umeme nao ukakatika.

Kwa kadi rida, yaani kifaa cha kusomea kadi ya memori, unazima kamera, unachomoa kadi, unaichomeka kwenye rida, na kompyuta inaisoma kama flashi. Betri inapumzika. Mimi nimehamia huku kabisa. Ila angalia: rida za zamani, za enzi ya kadi aina ya SDHC, zinaishia GB 32; kadi ya GB 64 huenda zisiione kabisa. Na picha zikikataa kufutika, tazama kile kiswichi kidogo ubavuni mwa kadi. Kikiwa kimeshuka, kadi imefungwa. Kisukume juu kwa ukucha.

Waya wako usiutupe, picha zilizo kwenye memori ya ndani ya kamera rida haizifikii.