Kozi ya utafiti wa kimaelezo kwa washauri nasaha: uzoefu wangu

Kama wewe ni mshauri nasaha na unajiandaa na tasnifu ya saikolojia, au mradi wenu umekutaka "uongee na wateja" kisha uandike ripoti, kozi hii ya jioni ya utafiti wa kimaelezo, yaani ule unaochambua maneno ya watu badala ya takwimu, inastahili ada yake. Sababu yangu kubwa ni kwamba walimu wanasikiliza mahojiano yako. Unawatumia sauti uliyorekodi, wanaisikiliza yote, na maoni yanakurudia yameandikwa pembeni ya maandishi yake, swali kwa swali. Video za bure mtandaoni ninazozijua zinaeleza nadharia vizuri tu, ila hakuna hata moja itakayokusikiliza ukihoji.

Ninafanya kazi CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, Dar es Salaam. Mada yangu ni vijana waliozaliwa na VVU: wanaishije na dawa za kila siku wakiwa shule za bweni. Sisi wanasihi tunakuja darasani na mtaji mzuri, maana tumezoea kukaa na mtu mpaka machozi yakauke. Mtaji huohuo ndio kozi inaoufanyia kazi kuliko kitu kingine chochote. Kijana akisema "huwa nameza chooni", mnasihi hutaka hapohapo kumtia moyo na kumkumbusha faida za dawa. Mtafiti anatakiwa abaki naye chooni: ni saa ngapi, nani huwa karibu, maji unayatoa wapi, ukisikia mtu anakuja unafanyaje?

Tulisikilizishwa vipande viwili vya mazoezi, walimu wakiigiza. Katika cha kwanza mhoji anasema, "Pole sana, lakini unajua dawa ni muhimu, sivyo?" Baada ya hapo kijana anajibu "ndiyo" tu mpaka mwisho. Katika cha pili mhoji ananyamaza. Ukimya ni mrefu hadi unahisi kumsaidia. Kisha kijana mwenyewe anaeleza anavyotoa vidonge kwenye kopo na kuvifunga kwenye tishu ili visilie ndani ya begi akipita mbele ya wenzake. Tangu siku ile nahoji kwa namna nyingine, hata kazini.

Sehemu ya maadili ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu haikuishia kwenye fomu. Mteja anayechukua dawa kwako ukimwomba mahojiano, atakataa vipi? Mwalimu alishauri mwaliko utolewe na mtu asiyemhudumia, na ielezwe wazi kwamba dawa zake hazihusiani na jibu lake. Kwa walio chini ya miaka 18, ridhaa ya mlezi haitoshi. Mtoto mwenyewe naye lazima akubali. Na upo mtego unaowahusu vijana wetu hasa: wapo wanaomeza ARV, dawa za kufubaza VVU, bila kuambiwa ni za nini. Ukimwalika kijana wa hivyo kwenye utafiti wa VVU, umemfunulia hali yake kupitia karatasi ya ridhaa. Kwa hiyo unahakikisha kwanza kwamba ameshaambiwa, na hilo unaliandika kwenye andiko unalopeleka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kuombea kibali. Mahojiano yakimuumiza, unazima kinasa sauti na kumkabidhi kwa mnasihi mwingine, hata kama wewe mwenyewe ungeweza kumhudumia.

Kwenye uchambuzi tulifuata njia ya Braun na Clarke, wanasaikolojia walioeleza hatua 6 za uchambuzi wa mada mwaka 2006: kuizoea data, kuweka misimbo (lebo fupi kwenye vipande vya maandishi), kuunda mada, kuzipitia, kuzipa majina na kuandika. Hatua unaweza kuzikariri jioni moja. Ugumu uko kwenye mada yenyewe, na hapo mwalimu hakumwonea mtu huruma. Jina la mada kama "Changamoto za dawa" alilikataa. Hilo, alisema, ni kapu la kutupia kila kitu. Mada inatakiwa idai jambo, mfano: "siri hulindwa kwanza, saa ya dawa hufuata". Dai kama hilo unaweza kulirudisha kwenye data ukaona nani analiunga mkono na nani analipinga. Alikataza pia sentensi iliyojaa kwenye tasnifu, "mada zifuatazo zilijitokeza". Mada hazijitokezi zenyewe; mtafiti ndiye anayeziunda, kwa hiyo aeleze alizijengaje na yeye ni nani mbele ya watu aliowahoji. Kwa mnasihi wa CTC anayehoji vijana wa CTC, maelezo hayo yanabeba uzito.

Swali la "niwahoji wangapi?" lilijibiwa kwa uangalifu. Tulionyeshwa utafiti wa Guest na wenzake wa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria: karibu misimbo yote muhimu ilikuwa imepatikana ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Mwalimu akaonya hapohapo kwamba lile lilikuwa kundi lenye mambo mengi ya kufanana na maswali yaliyopangika, kwa hiyo 12 isigeuzwe sheria. Nawaombea wasimamizi wa tasnifu wote wasikie hilo.

Kwa programu tulitumia Taguette, ambayo ni ya bure na unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako. Unapakia maandishi, unachagua kipande, unakipa lebo, mwishoni unatoa vipande vyote vya lebo moja. Haitakuandikia mahojiano wala kukuchambulia, na kwa anayeanza naona hiyo ni heri: unalazimika kusoma.

Mapungufu yapo. Nadharia-chimbuzi (grounded theory) ya wanasosholojia Glaser na Strauss, yaani kujenga nadharia kutoka kwenye data yenyewe, iliyotokana na utafiti wao juu ya wagonjwa wanaokaribia kufa katika hospitali za California, ilipitishwa harakaharaka. Anayeitaka kwa tasnifu atafute mafunzo mengine. Majadiliano ya vikundi yalifundishwa kwa maneno tu, bila zoezi, wakati miradi mingi ya afya huku kwetu ndiyo inayoyatumia. Na muda wa saa mbili usiku ni mzito kwa mwenye watoto, ingawa vipindi hurekodiwa.

Ada hulipwa kwa awamu mbili. Huhitaji kuwa na kibali cha utafiti ndipo ujiunge, kwa sababu mahojiano ya mazoezi hufanywa na wanakozi wenzako juu ya mada isiyo nyeti. Kundi letu lilipewa "siku yangu ya kwanza kazini". Tenga tu muda wa kuandika sauti neno kwa neno. Saa moja ya mazungumzo inaweza kula siku nzima ya kazi, na walimu hawapokei muhtasari.