Printa yangu ya tangi baada ya kubadilisha ruta: waifai ilinitoa jasho

Hii printa ya wino wa tangi tuko nayo tangu watoto waanze CBC, na kwa kuprinti tu sina neno nayo, nilichoka kulipa bob 10 kila karatasi kwa saiba alafu mwalimu anatuma kazi ya kesho kwa grupu saa tatu usiku, saiba imefungwa, utaprintia wapi? Maandishi inatoa safi, picha za rangi ni sawa lakini si za kuweka kwa fremu, na wino ukijaza tangi unasahau kama kuna siku utanunua tena. Kitu inaninyima raha ni waifai, na hiyo sikuijua mpaka tukahamia kampuni nyingine ya intaneti hapa Donholm.

Fundi wa faiba alikuja, akang'oa ruta ya zamani akaweka yao, akapima spidi kwa simu yake, "Madam, uko sawa," akaenda. Simu, tivi, laptopu, zote zikaingia bila noma. Printa ikabaki hapo na taa yake ndogo ya waifai inawaka inazima, inawaka inazima. Nikafungua apu yake inisaidie, inazunguka weee alafu inakuambia kifaa hakijapatikana, jaribu tena. Basi. Haisemi ni kwa nini. Karatasi ikikwama inakuonyesha mpaka upande wa kufungua, lakini netiwaki ikikataa imenyamaza kabisa, na hapo ndio nawakata nyota wenye waliitengeneza. Nikampigia fundi mmoja wa town akaniambia hiyo ni kadi ya waifai imekufa, nimletee abadilishe, printa yenye ilikuwa inaprinti vizuri asubuhi hiyohiyo! Nikamwambia nitampigia, sijampigia mpaka leo.

Mwenye alinisaidia ni kijana wa jirani, yuko kampasi. Akaniambia, "Auntie, kabla uibebe town si uiambie itoe ile karatasi ya netiwaki." Kwa hii yangu unafinya vitufe viwili vya mbele pamoja na inajiprintia ripoti, nyingine iko kwa menyu. Tukaisoma: jina la waifai pale ni la ruta ya zamani, adresi, ile namba ruta inapea kila kifaa, ni 0.0.0.0, maana yake haijapewa yoyote. Yaani ilikuwa inangojea mtu alishahama.

Sasa kuiunganisha na ruta mpya ndio ikakuwa kesi ingine. Ruta nyingi za siku hizi zinatoa bendi mbili za waifai, 2.4GHz na 5GHz, kwa jina moja, na printa nyingi za nyumbani za bei ya chini zinashika 2.4 peke yake, tena ukipata ruta imewekwa usalama wa WPA3 tu, ule mpya, printa ya kitambo haiingii hata paswadi ikiwa sawa. Kijana akafungua setingi za ruta kwa brauza, adresi na paswadi ya kuingia ziko kwa stika chini ya ruta, akatenganisha hizo bendi mbili, ile ya 2.4 akaipa jina na paswadi zilezile za ruta ya zamani, herufi kubwa na ndogo vilevile, usalama akaweka WPA2, ule wa kitambo. Tukakaa kidogo, taa ikatulia. Hata hatukuigusa printa. Kama uko na kamera ama balbu za waifai hii njia itakuokoa hizo pia, mara nyingi zitajirudia zenyewe.

Simu ikaprinti mara moja, lakini laptopu bado inasema printa iko ofulaini, na taa imetulia naiona na macho yangu! Kumbe ruta ya zamani ilikuwa inapeana adresi za 192.168.1, hii mpya inaanza na 192.168.100, na laptopu ilikuwa bado inatuma kazi kwa ile adresi ya kwanza. Kwa Windows nilitoa printa kabisa kwa setingi, nikaiongeza upya, ikatoka. Alafu rudi kwa ruta uiwekee printa adresi yake ya kudumu, kwa sababu stima zikipotea na kurudi ruta inaweza kuipa nyingine na unaanza upya na hiyo ofulaini.

Kitu ingine, usisumbuke ati lazima simu iwe kwa 2.4 ndio iprinti. Ikishaunganishwa, simu ikiwa kwa 5 inaprinti tu, bora ni ruta moja. Ile haitakubali ni waifai ya wageni, mara nyingi ruta inaizuia isione vitu vya ndani, so mgeni akitaka kuprinti mwambie akutumie hiyo faili kwa WhatsApp umprintie.